Sura ya Shaba Jikoni

Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya nuru bibi niliyemtunza Al-Naseem, mjini Riyadh, kwa hiyo mambo mengi tuliyaona kwa vidole. Alichokipenda kuliko vyote ni sura ya mnyama ya shaba nyeusi, ukubwa wa kiganja, aliyoletewa na marehemu mumewe kutoka China, alikokwenda kununua vitambaa.

Ukiishika sura kama hiyo, anzia juu. Ndivyo nilivyomwongoza.

"Hizi pembe, mama. Shuka: nyusi, halafu macho ya mviringo. Sasa pua, imejikunja kama ndoana, na pete inaning'inia humo."

"Na meno ya chini?"

"Mafi, hakuna. Taya la chini hawakumpa."

"Maskini, kibogoyo mwenzangu!"

Tulicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba Wachina wa kale walizipigilia sura hizi kwenye milango na masanduku. Mbao zikaoza, shaba ikabaki. Nilipomweleza hilo alitia kidole ndani ya pete, akaizungusha.

Ramadhani ilipokaribia, bintiye alikuja akaiona kando ya mswala.

"Mama, sura ya kiumbe kwenye chumba unachoswalia? Malaika hawaingii. Kaka ataipeleka ghalani, Al-Sulay. Halas, yamekwisha."

Bibi aliikumbatia kifuani. Hakubisha, maana alijua binti anamchungia swala yake. Lakini hakuiachia.

Mimi ni Mkristo, sikuwa na la kusema kuhusu malaika. Niliuliza tu, "Madam, na jikoni?"

Binti alifikiri. "Jikoni haswali mtu."

"Basi jikoni," bibi alidakia, kabla binti hajabadili mawazo.

Niliiweka mezani, karibu na jiko. Tangu macho yafifie bibi alikuwa hajakanyaga huko. Chakula nilimpelekea chumbani. Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, nilisikia kiganja kikipapasa ukuta wa ukumbini. Nilitaka kukimbia nimshike mkono. Nikajizuia, nikamwongoza kwa sauti.

"Kulia kidogo, mama. Sasa mlango. Vizuri sana, njoo tu."

Akafika, akavuta kiti, akaipapasa pete. Kisha akainua pua juu ya birika la kahawa.

"Hiliki umetia kidogo. Lete hapa, nitie mwenyewe."