Sifuri ya Mama Mgeni

Saa moja na robo asubuhi, Hajra Kitwana anafuta ubao kwa kipande cha kanga kuukuu, maana dasta ya chuo ilipotea muhula uliopita na hakuna aliyeona haja ya kununua nyingine. Madawati yanajaa. Mbele kabisa anakaa mwanamke wa miaka 43, daftari ameshalifungua.

"Shikamoo, Mama Mgeni," anaamkia mwalimu.

"Marahaba, mwalimu wangu," anajibu mwanafunzi.

Hajra, 27, anasoma shahada ya uzamili na papo hapo ni msaidizi wa mhadhiri katika chuo kimoja mjini Bagamoyo. Anafundisha uandishi kwa wanafunzi 186 wa mwaka wa kwanza, na insha zote 186 anazisahihisha yeye. Posho yake ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Mkataba unaisha Juni, na Jumatatu idara inaamua kama atapewa mwingine.

Kisa ni sifuri.

Mwezi uliopita Mgeni Mwishehe, mkulima wa mananasi wa Kiwangwa aliyerudi kusoma baada ya kulea watoto wanne, alileta insha kuhusu shamba lake. Ilikuwa nzuri mno. Hajra aliisoma mara mbili, akaamua imeandikwa na akili mnemba, akampa sifuri na kumtangaza mwizi mbele ya darasa zima.

"Nilimtazama nikaona mama wa shamba, nikajiambia huyu hawezi," anasema Hajra bila kujitafutia kisingizio. "Aibu ile ni yangu, naibeba."

Mgeni hakwenda kulalamika ofisini. Alimfuata Hajra barazani, akaomba karatasi.

"Nikamwambia, mwanangu, nipe kichwa cha habari chochote, nikae hapa hapa uniangalie," anakumbuka Mgeni.

Hajra akamwambia aeleze namna ya kujua nanasi limeiva. Kwa dakika arobaini Mgeni alijaza kurasa tatu: jinsi anavyoligonga kwa kidole na kusikiliza, na jinsi mama mkwe wake alivyoendelea kuyachagua kwa harufu hata baada ya macho kupofuka. Ilikuwa bora kuliko ile ya kwanza.

Kesho yake Hajra alisimama mbele ya darasa lile lile akaomba radhi, kisha akaiomba idara ifute sifuri ile. Balaa likaanzia hapo. Idara ilimwambia alama zikishawasilishwa hazibadilishwi, na kwamba msaidizi anayewaomba radhi wanafunzi anawashushia heshima walimu wote. Akaletewa barua athibitishe kwa saini kuwa sifuri ile ilikuwa halali. Asiposaini, mkataba asahau.

Heshima gani hiyo, ya kulindwa kwa kumwita mtu mzima mwizi?

"Sisaini ng'o," anasema Hajra. Anaitoa barua mkobani. Mahali pa saini bado ni peupe. "Nawafundisha watu kuandika ukweli, halafu mimi niandike uongo kwa kalamu hii hii?"

Mgeni mwenyewe amemsihi akubali yaishe.

"Nilimwambia somo nitalirudia mwakani, yeye asijiharibie. Akanigomea! Ana kichwa kigumu huyu mtoto," anasema.

Jumatatu Hajra ataingia kikaoni peke yake. Hana wakili, wala mjomba kwenye ofisi kubwa. Ana insha mbili.

"Nitawasomea zote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti," anasema. "Wakishasikia, atakayeona bado ni sifuri, basi aiandike yeye, na jina lake aweke chini."