Ganeti Haiwaki

Baba alikuwa fundi wa maabara ya madini. Kazi yake ilikuwa kuandaa yale mawe yaliyopikwa na joto la ardhini yakageuka sura: jiwe analikata, analisugua mpaka linakuwa jembamba kuliko karatasi na linapitisha mwanga, kisha analibandika kwenye kioo. Ofisi ilipouza vifaa chakavu akanunua hadubini moja, akaiweka sebuleni kwetu Mtoni. Mama akaifunika kitambaa cha kufuma kama televisheni.

Mie ndiye niliyerithi kazi. Jumamosi zote za utoto wangu ilikuwa, "Njoo mama, taja!" Alikuwaga ananiita mama. Unaweka vichujio viwili vya mwanga, unaangalia huku unazungusha sahani ya hadubini, na kila aina ya madini ina tabia zake. Ulanga, yale madini ya magamba yanayometameta, unawaka waridi, kijani, bluu, unazima kidogo, unawaka tena. Ganeti, kile kito chekundu, ndiyo korofi. Inakuwa nyeusi tii, na uizungushe mpaka mkono uchoke, haiwaki.

"Ikigoma kabisa, ni ganeti," baba alikuwa akisema. "Usibabaike."

Mwaka huu presha ya macho ikamwandama. Jicho la kushoto lilishakwenda. Daktari akatuambia upasuaji haurudishi kilichopotea, unalinda kilichobaki, basi. Tukamsihi akafanyiwe. Baba na ubishi wake! "Niacheni bwana, la kulia linaona vizuri tu." Akawa anapapasa ukuta kwenda chooni, akiulizwa anasema anakagua rangi. Hasira zilinipanda mie, wallahi. Mama akawa analia jikoni.

Jumamosi moja asubuhi nikaenda kwao, nikafunua kile kitambaa. Nilitaka kujua kama kuna kilichobaki cha kulindwa. Nikaweka vichujio, nikachagua kioo cha jiwe lililojaa ulanga, maana huo hata mtoto anauona.

"Shikamoo baba. Leo zamu yako, taja."

"Marahaba!" Akacheka, akafurahi kweli. Akainama, jicho la kulia kwenye lenzi, akazungusha sahani taratibu. Akazungusha tena. Mkono wake haukuwa umesahau kitu.

"Aah, mama, umenionea huruma," akasema. "Ganeti hii! Tena kubwa, imejaa kote."

Nikaitazama taa ya hadubini, nikimwomba Mungu umeme uwe umekatika. Ulikuwepo. Nikamsogeza kidogo, nikachungulia mwenyewe: waridi, kijani, bluu, zinawaka mpaka zinaudhi.

"Nimepatia?"

Nilitamani kusema ndiyo. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kutaja kilichopo.

"Hapana, baba. Ni ulanga mtupu."

Vidole vyake vikarudi kwenye sahani, vikaizungusha polepole, kama vile labda hakuizungusha vya kutosha. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Unawaka rangi gani?"

Nikamshika bega, nikaanza kumtajia, moja moja.