Tangazo la Jumapili ya Tatu

Mimi ndiye niliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa letu pale Ulaya, kijiji chetu cha huku Kilosa. Kinanda chenyewe ni cha zamani, cha kukanyaga; ukisimamisha miguu, sauti inakufa. Baba, mzee wa kanisa, alikaa benchi la mbele kila ibada.

Nilimpenda kijana wa wafugaji niliyekutana naye mnadani. Hakuwa amebatizwa. Baba aliposikia, alisema nikithubutu kumleta nyumbani, nihame naye. Kisha akanitafutia mchumba, mfanyabiashara wa Mikumi, bila kuniuliza neno.

Kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu. Mbili zilipita nikiwa nimeuma meno kwa hasira. Ya tatu mchungaji alisoma majina yetu, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kimya. Hapo ndipo kinanda huingia. Kwaya ikasimama. Mimi nikaondoa miguu kwenye pedali.

"Piga!" Baba alininong'oneza.

Nikabonyeza kwa vidole vyote kumi. Hakikutoka kitu. Kanisa zima likanigeukia. Miguu sikuirudisha.

Baba akasimama, akatangaza kwamba kinanda kimeharibika. Kesho yake akaleta fundi kutoka Kilosa mjini, na mimi akaniamuru nije. Fundi alikifungua, akakaa, akakanyaga. Kikalia vizuri.

"Mzee, hiki hakina ubovu wowote."

Baba akanigeukia mimi. Akauliza, "Huyo kijana wako anaitwa nani?"