Bolti ya Jiliwa Langu

Kalamu ya kuchovya ni kitu kidogo, lakini ilinitesa kuliko kabati. Mti wake nilikuwa nauweza: kipande cha mpingo, kisu, kigae cha chupa cha kulainishia, basi. Shida ilikuwa kile kipete cha shaba kinachoshika nibu. Ukikigonga kwa nyundo ili kiingie, mti unapasuka, na kazi ya asubuhi nzima unaitia jikoni. Nilikuwa seremala pale Kintinku, kijana mwenye hasira za karibu, na kalamu ya sita ilipopasuka niliirusha nyundo mpaka uani kwa jirani.

Kipete hakitaki kugongwa, kinataka kusukumwa polepole. Nikaamua kujitengenezea jiliwa dogo: vipande viwili vya mti mgumu, katikati bolti ndefu yenye nati, ukizungusha vinabanana. Miti nilikuwa nayo. Bolti nene kiasi kile haikuwepo hata dukani kwa Mhindi.

Niliiokota kwenye reli. Nasema niliiokota, na ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa kwenye kokoto karibu na kalavati, pale maji ya mvua yanapopita chini ya reli, na nati yake hatua chache mbele. Kichwa kilikuwa na kutu, lakini meno yake yaling'aa. Hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza, maana bolti iliyotupwa huota kutu mpaka kwenye meno. Sikujiuliza. Nilitazama huku na huku, nikaifunga kwenye shuka.

Jiliwa lilifanya kazi vizuri mno. Kipete kiliingia bila mlio. Walimu na makarani wa baraza wakawa wananitafuta wenyewe, na mimi nikawa silali. Chuma cha reli kilikuwa chuma cha serikali, na wafungwa wa boma tulikuwa tunawaona wakivunja mawe kwa makosa madogo kuliko hilo. Kichwani palikuwa na alama ya reli, nikaikwangua kwa tupa. Kichwa kikang'aa kama jino jipya, nikaogopa zaidi, nikakipaka masizi na mafuta ya nyonyo.

Kisha ikaja hofu mbaya kuliko ya jela. Yale meno yanayong'aa. Bolti ile haikutupwa, ilichomoka juu relini, pale vyuma viwili vinapoungana. Kila treni ilipofika kwenye kalavati niliacha kazi, nikashika meza kwa mikono miwili, nikasikiliza mpaka behewa la mwisho. Kusema niliogopa. Kuirudisha niliogopa pia, nisije nikakutwa nayo mkononi. Nilinyamaza wiki tatu.

Mnyapara wa genge la reli alikuwa Mnyamwezi, na mimi Mgogo, yaani watani. Kila asubuhi alipita na watu wake juu ya kiberenge, kile kigari chao cha relini, wakivuka kalavati lile kwenda kazini upande wa Saranda, na kila jioni alisimama kibandani kwangu.

"Mgogo mwizi, leo umeiba reli gani?"

"Ya kwenu Tabora. Ndiyo maana huendi kusalimia wakwe."

Watu walicheka. Hakujua lolote, alitania tu.

Siku moja akaja na Mzungu mkaguzi wa njia ya reli, aliyetaka kalamu tatu za ofisini na kuona zinavyotengenezwa. Mtani wangu hakujizuia hata mbele ya mkubwa wake.

"Bwana, huyu ni mwizi wa reli. Ifungue hiyo mashine yake, utaikuta reli ndani."

Mzungu alijua Kiswahili, utani hakuujua. Hakucheka. Akavaa miwani, akaanza kuinama juu ya meza.

Nilimtazama mtani wangu nikiomba acheke tena, na yeye alikuwa anaitazama bolti. Alikuwa amekaza bolti za namna ile miaka yote ya kazi yake. Niliona kicheko kikimfutika usoni.

Ghafla akalinyakua jiliwa, akalitia kwapani. "Hiki nachukua! Mtani akichukua, haulizwi."

Ndiyo desturi yetu. Mtani anaweza kuondoka na kuku wako na huna la kumfanya ila kumtukana. Nikamtukana inavyotakiwa, "Rudisha, mchukuzi wa mizigo we!". Mzungu akatutazama mmoja mmoja, mwishowe akacheka naye. Akachagua kalamu zake, wakaondoka.

Kesho yake asubuhi nilikuta vile vipande viwili vya mti mlangoni, vimefungwa kwa kamba. Bolti haikuwemo. Nikasikia kiberenge kikisimama kwenye kalavati, kisha spana ikilia. Nikakimbia kwenda kushukuru. Mtani wangu alikuwa anafuta mikono.

"Uliikuta hapa?"

"Hapo chini."

"Lini?"

"Wiki tatu sasa."

Akawatazama watu wake sita waliokaa juu ya kiberenge wakimsubiri. "Kila asubuhi ulikuwa unatusikia tukipita," alisema.

Niliona aibu, na mpaka leo naiona.

Hakunishtaki, wala hakumwambia mtu. Jioni ile nilimngoja kibandani, na tusi zuri kabisa nilikuwa nimeshaliandaa. Akaja, akasimama, akavua kofia.

"Habari za jioni, fundi," akasema kwa adabu, kama anayemsalimia mgeni, akaenda zake.

Alikaa Kintinku miaka mingine minne kabla ya kuhamishwa. Hakuniita mwizi tena.