Taja Mwanamume Aliyetunga

Katika soko la mifugo la Burao, hakuna asiyemjua Dahabo wa chai. Birika lake hukaa jikoni tangu alfajiri, maziwa ya ngamia yakiwa kando, naye hutunga mashairi huku akimimina. Ametunga juu ya wodi ya wazazi isiyo na taa, na juu ya wanaume wanaotafuna mirungi mpaka watoto wao wanalala na njaa. Wateja humrekodi kwa simu, husema “Mashallah, ulimi huo!” kisha huondoka kwenda kununua mirungi.

Mwaka jana yalimfika nyumbani. Mpwa wake mmoja alimuua mtu kwa kisu katika ugomvi wa kisima. Wazee wa koo mbili walikaa, fidia ya ngamia ikakubaliwa, na lililobaki lilikuwa lile ambalo wazee wetu huliita kufuta chuki: binti wa upande wa muuaji aozwe kwa ndugu wa marehemu, bila kuulizwa. Walimchagua Ubah, mtoto wa kaka yake Dahabo, mwenye umri wa miaka kumi na sita, aliyekuwa hajawahi hata kukiona kisima chenyewe. Angechukuliwa Alhamisi.

Jumatatu, Dahabo aliingia uani kwa Mzee Hirsi, msemaji wa baraza, akasimama mbele ya wanaume waliokaa mikekani. Akaghani kumtetea Ubah. Lakini alighani kwa mahadhi ya wanawake, yale mepesi ya kupigiwa makofi, kwa kuwa ndiyo aliyolelewa nayo.

“Harusi ya nani leo, Dahabo?” mmoja akauliza. “Mbona hukuja na ngoma?”

“Muacheni, bi harusi atahitaji nyimbo,” mwingine akasema, na ua mzima ukacheka.

Mzee Hirsi hakucheka. “Mwanangu, hayo ni ya jikoni. Baraza halijibu nyimbo za jikoni.”

Hapo ndipo walipokosea, kwa maana walimkumbusha sheria yao wenyewe. Shairi la mahadhi mazito, lile la wanaume, linaloshika herufi moja kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, baraza haliwezi kulipuuza. Ama litajibiwa kwa shairi la mahadhi yaleyale na herufi ileile, ama linalodaiwa humo litolewe. Dahabo alirudi kwenye birika lake. Kwa siku mbili chai ilichemka ikamwagika, na wateja wakanung'unika kwamba wanauziwa moshi. Alikuwa ameshika herufi ya K.

Alhamisi alilikuta gari la ndugu wa marehemu limeegeshwa mlangoni kwa Mzee Hirsi, na Ubah amekalishwa chumba cha ndani, amefunikwa shuka jipya. Dahabo hakusalimu. Alisimama palepale, sauti yake nzito na ya polepole:

*Kisima kikawa kisa, kisu kikamwaga damu,*
*Kaburi likafukiwa, kigoli kakosa nini*
*Akabidhiwe kitanda kwa ndugu wa marehemu?*

Aliendelea hivyo mistari arubaini. Washairi wa upande wa pili, wawili waliokuja wakiwa wamejiandaa, walianza kuhesabu herufi kwa vidole, kisha wakaacha.

“Shairi hili ni zito,” alisema Mzee Hirsi hatimaye. “Nani katunga?”

“Mimi.”

“Nimeuliza aliyetunga, sikuuliza aliyelileta.”

“Na mimi nimejibu, ami. Nimelitunga mimi, mbele ya birika, na soko zima limenisikia nikilipima.”

“Mahadhi haya si ya wanawake. Hatuwezi kumjibu mwanamke hapa, na tusiloweza kulijibu hatuwezi kulihesabu. Taja mwanamume aliyetunga, tumjibu au tumkubalie. La sivyo, tuendelee.”

Nje, gari liliwashwa.

Naandika haya nikiwa na hasira, nami siombi radhi. Wanaume thelathini walikuwa wamelisikia shairi, wamelielewa, wamekosa la kulijibu; na bado walikuwa tayari kumtia mtoto garini kwa sababu koo lililolitamka ni la mwanamke.

“Bulhan,” alisema Dahabo.

Bulhan ni mume wake, dereva wa lori, ambaye siku hiyo alikuwa njiani kupeleka mbuzi Berbera, na ambaye hajawahi kupanga maneno mawili yakafanana.

“Ah!” wakasema wote, kama waliotuliwa mzigo. “Sasa sema hivyo!”

Hapakutokea jibu. Ubah alifunuliwa shuka, na ngamia wakaongezwa mahali pake.

Bulhan aliporudi Jumapili, watu walimzingira sokoni. “Mshairi wetu! Kumbe ulikuwa unatuficha!” Aliamini kwamba wanamtania, mpaka alipofika nyumbani.

“Umenifanya nini, mke wangu?”

“Nimekuokolea mtoto wa shemeji yako. Nyamaza.”

Naye Dahabo alinyamaza, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Akisema kweli, shairi litakuwa halikuhesabiwa kamwe, na gari litarudi. Sasa shairi linasambaa kwenye simu za mji mzima, na kila anayelighani huanza, kama desturi inavyomlazimu, kwa kulitaja jina la Bulhan.

Wiki iliyopita wazee walimletea Bulhan mwaliko. Kuna damu nyingine upande wa mashariki, na binti mwingine ameshachaguliwa. Wanataka mshairi akae nao mkekani. Dahabo alikesha siku tatu na herufi ya D, kisha akamkalisha mumewe jikoni.

“Mstari wa tisa,” alisema.

“Damu... damu ya dume...”

“Hakuna dume hapo! Utaniulia mtoto wa watu, Bulhan!”

“Mimi ni dereva, Dahabo! Nenda wewe!”

“Nikienda mimi watauliza nani kaniandikia.”

Ubah, aliyekuwa pembeni akimkatakatia shangazi yake nyama, aliughani mstari wa tisa mpaka wa ishirini bila kuinua kichwa wala kukosea neno.

Dahabo alimtazama binti, akamtazama mumewe, akaupiga ukuta kwa kiganja.

“Toka mwanzo,” alimwambia Bulhan. “Baraza ni kesho.”