Kigoda cha Baba

Makarasha yalianza kusaga mawe kabla hatujamaliza wimbo wa taifa mstarini, na hayakunyamaza hadi jua lilipozama. Shule yetu ya Bugarama ilikuwa upande huu wa bonde, wachimbaji wadogo wakiwa upande wa pili, kwa hiyo hesabu, sayansi na historia zote nilizisoma huku sakafu ikitetemeka chini ya nyayo zangu. Vumbi jeupe lilitua kwenye madaftari. Mguu wangu wa kulia haukutulia. Ulichezacheza chini ya dawati hadi jirani zangu wakanipiga viwiko. Wala sikuwa peke yangu. Wavulana wote wa darasa la sita tulikaa kama watu wanaosubiri kuitwa, na kweli kila baada ya muda mmoja wetu aliitwa. Kaka au mjomba alimchukua kwenda kwenye maduara, kama tulivyoyaita mashimo ya dhahabu, na nafasi yake kwenye dawati ikabaki wazi.

Mwalimu Nkwabi, Msukuma wa Kishapu, alichoshwa na nafasi hizo. Fimbo aliitumia sana, haikusaidia kitu. Ndipo akatangaza kwamba kila Ijumaa baada ya vipindi wavulana tubaki, kila mmoja na kigoda kutoka kwao, atufundishe wigashe. Tulicheka. Wigashe ni ngoma ya kukaa: vijana hujipanga kwenye vigoda, huyumbisha mabega na kuimba, miguu isiende popote. Sisi tulitaka bugobogobo, turushe majembe juu na kuyadaka mbele ya wasichana. "Kuruka mnajua tayari," alisema. "Kukaa ndiko kumewashinda." Kilichotushangaza zaidi ni kwamba tungeimba Kisukuma, lugha ambayo ukiiropoka darasani ulichapwa na mwalimu huyo huyo. Tena aliweka sharti: zamu yako ikifika, unaimba kinachokusumbua moyoni, wenzako wanaitikia, na hakuna kucheka. Basi Masanja, bondia wa darasa, akaimba kwamba bado anakojoa kitandani tangu mama yake afariki. Nilijiuma midomo nisicheke, kisha nikajikuta naitikia kwa nguvu kuliko wote.

Kulwa, pacha wangu aliyenitangulia kuzaliwa, alikuja na kigoda cha baba. Baba alikuwa amekwenda machimbo ya Geita misimu miwili iliyopita, hakurudi wala kutuma salamu. Mama hakumtaja kabisa. Kigoda kilikaa kando ya mlango na hakuna aliyethubutu kukikalia, mpaka Kulwa alipokibeba begani bila kuomba ruhusa. Tukiwa njiani kuchota maji alinieleza mpango wake: mjomba alikuwa amekubali kumchukua Jumatatu inayofuata. Wangeanzia Geita, naye angechimba huku akimtafuta baba, duara kwa duara. Alinikataza kumwambia mama. Nilitaka asiende, na nilitaka kwenda naye, na sikujua lipi kati ya hayo mawili lilinitesa zaidi.

Ijumaa iliyobaki kabla ya safari, wazazi walialikwa kutusikiliza. Mama alitoka moja kwa moja shambani, nyuzi za pamba zimemnasa kwenye nywele. Zamu ikamfikia Kulwa. Aliimba sauti ikimkwaruza: mayu, yaani mama, usinitafute, Jumatatu nakwenda kwa baba, kama amefukiwa, nitamfukua. Tukaitikia kama tulivyofundishwa. Mama akasimama. Kwetu mwimbaji akikugusa unamtunza, kwa hiyo watu wakapiga vigelegele wakidhani anapeleka zawadi. Alifungua khanga begani, akamfunika nayo Kulwa, akainama. Mimi nilikuwa kigoda cha pili, nikasikia kila neno.

"Baba yako hajafukiwa. Yuko Katoro, ana mji mwingine na watoto wengine. Nilijua. Kaa, mwanangu."

Kulwa alilia waziwazi mbele ya shule nzima, na sharti la Mwalimu likashika hata kwa wazazi: hakuna aliyecheka. Jumatatu mjomba aliondoka peke yake.

Ijumaa ile ile, zamu iliyofuata ya Kulwa ilikuwa yangu. Nilimchukia baba kwa kuwa hai, nilimchukia mama kwa kujua. Nilitikisa kichwa, na Mwalimu akaniruka. Nilipomaliza la saba niliondoka asubuhi iliyofuata, na mama hakunizuia. Angenizuiaje? Alimzuia aliyeimba.

Sasa naendesha malori, leo Kahama, kesho Mwanza, na sijawahi kupanga nyumba nikaimaliza kodi yake. Kulwa analima pamba, yumo kwenye kamati ya shule. Shule ina uzio, madarasa mapya na maji ya bomba, vitu ambavyo sisi hatukuviota. Ijumaa ni ya mazoezi ya mitihani. Makarasha yameongezeka, na nafasi wazi kwenye madawati ya wavulana zipo vilevile. Kulwa huwapigia kelele wenzake wa kamati kuhusu wigashe, nao humwambia enzi hizo zimepita.

Mwezi uliopita nilipita kwake, nikasimama mlangoni na funguo za gari mkononi kama kawaida yangu. Mama, mzee sasa, alikuwa uani akichambua choroko. Kulwa aliingia ndani, akatoka na kigoda cha baba, akakiweka mbele yangu.

"Kaa, Doto," alisema. "Zamu yako bado ipo."

Nikakaa. Mguu wa kulia ukaanza kuchezacheza. Kabla sijatoa hata sauti, Kulwa akaanza kuitikia polepole, na mama akasukuma ungo kando, akaanza kufungua khanga begani.