Maneno Yaliponirudia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliamka na kiu kali, nikamwomba shangazi yangu maji, na kinywa changu kikasema, "Jembe." Akanitazama. Nikarudia kwa nguvu zaidi: "Jembe!" Mtungi niliuona pale pembeni, na nilijua nimekosea, lakini neno lake halikuja. Shangazi, maskini, akaenda kweli akaleta jembe, akaliegemeza kitandani. Nililia kama mtoto.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka vitongoji vyetu vya milimani, tukapangwa kando ya barabara iendayo Sumbawanga, na kila kitu tulikijenga kwa mikono yetu. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, tena mwenye mchumba, Krisensia, binti wa Mzee Leonsi wa kijiji cha jirani. Basi siku tunaezeka darasa boriti iliteleza, nikaanguka nayo, kichwa kikatangulia. Nilizinduka hospitalini mjini, mkono wa kulia umekuwa mzito, ulimi umefungwa.

Daktari aliyenitibu alikuwa mpole, na mkweli. Alimwambia shangazi, "Ubongo umeumia upande unaotunza maneno. Siwaahidi kitu. Mpeni chakula kizuri, alale vya kutosha, na akipata nguvu msimwache kimya wala msimfanyie kila kitu."

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Ajabu ni kwamba tukisali rozari, Salamu Maria ilinitoka yote bila kukwama, kisha nikitaka kuomba ugali nakwama. Watu wakaona hilo si jambo la kawaida, na wewe unajua Sumbawanga yetu inavyosingiziwa uchawi. Wakanong'ona kuwa nimerogwa. Wengine walinisemesha kwa kelele, kana kwamba nimekuwa kiziwi. Nikaona heri ninyamaze. Nikageukia ukuta, nikawa mtu wa kulishwa. Baba mdogo akasema wazi, nikimsikia, kwamba ni haki Krisensia aachwe huru, maana nani atamwoza binti yake kwa mtu asiyeweza hata kuwaamkia wakwe?

Shangazi Oresta alikuja akanivua blanketi.

"Inuka," alisema. "Shamba likikaa bila kulimwa linaota nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Sema."

"Ma... majani."

"Majani. Vizuri. Na hicho kichwa umekiacha kiote nini? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Babu zako walifua chuma katika nchi hii, na sikusikia hata mmoja aliyelala kwa sababu koleo limevunjika. Toka nje."

Tangu hapo hakunipa nafasi. Alinipa maharage nipukuchue kwa mkono ule ule mzito. Tulikwenda naye shambani wakati wa kufukia nyasi kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo tunayolima sisi Wafipa, na kila tulichokipita alikiuliza. Hiki nini? Na kile? Nikikosea hakunicheka. Alilitaja neno taratibu, nami nikalifuata. Kifipa kilirudi kwanza, Kiswahili kikaja nyuma kikichechemea. Ziko siku nilirudi nyuma kabisa, maneno ya jana yamepotea, na siku moja nikautupa ungo kwa hasira. Shangazi aliuokota, akaendelea kupukuchua.

Kisha Mzee Leonsi akaja, na Krisensia nyuma yake. Nilijua kilichowaleta. Mzee alipokea togwa, akanywa kidogo, akasema, "Kijana, nimesikia mengi ya watu. Leo nimekuja kusikia la kwako."

Nilitaka kusema, "Krisensia, nisubiri." Nikakusanya nguvu zote, nikamtazama machoni, nikasema, "Ulezi... nisubiri."

Krisensia akaangua kicheko, kicheko kisicho na dharau hata chembe, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nianguke, nikacheka.

"Baba," akasema huku akifuta machozi, "jina langu amelikosa, lakini neno lenyewe nimelisikia. Nitamsubiri."

Mzee Leonsi akashusha pumzi. "Basi. Tumesikia wote."

Mwanangu, sijui nikuelezeje wepesi nilioupata. Usiku ule nililala kama aliyetua gunia la mahindi baada ya kupanda mlima nalo. Tulifunga ndoa baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Padri aliponiuliza, nilijibu "ndiyo" bila kukwama, na kina mama wakapiga vigelegele kana kwamba nimehubiri. Sikupona kikamilifu, nisikudanganye. Mkono huu bado unapigana na vifungo vya shati, na nikichoka majina hunikwepa.

Mjukuu wangu anayesomea udaktari ndiye aliyenifumbua macho juzi juzi. "Babu," aliniambia, "mwili hutengeneza vitu vidogo sana viitwavyo vichochezi vya ukuaji. Mtoto angali tumboni, ndivyo vinavyosaidia seli za neva za ubongo ziishi, zikomae, zirefushe nyuzi zao na kushikana na nyingine. Seli isiyovipata hudhoofika, hata hufa. Kwa mtu mzima navyo havikomi, na inaonekana baadhi yake huongezeka mwili unapofanya kazi na akili inapojifunza."

Nikamwuliza kama ndivyo vilivyoniponya. Akatabasamu. "Hakuna aliyechungulia kichwani mwako akaona, Babu. Ubongo wenyewe hujitahidi kupona. Lakini wewe ulisaidiwa usiuache ukae bure."

Jibu hilo lilinitosha.

Basi nakuusia, mwanangu. Ukijaliwa mtoto, mlishe vizuri, cheza naye, zungumza naye hata kabla hajajua kujibu, kwa kuwa ndipo ubongo wake unapojengwa. Samaki mkunje angali mbichi. Mgonjwa wako akitafuta neno, usimkimbilie kummalizia. Mpe muda alipate mwenyewe. Na wewe maisha yakikuangusha, pumzika kwanza, ukubali kushikwa mkono, kisha ufanye lile dogo unaloliweza, na kesho ulifanye tena. Haba na haba hujaza kibaba. Wala usione haya kukosea mbele ya wanaokupenda.

Mungu akujalie mwili wenye afya na akili tulivu. Nyumba yako isikose mazungumzo, na watoto wako wakue wakijua kwamba sauti zao zinasikilizwa. Nenda kwa amani.